Parker 51 ya Newhaven: kalamu ya zamani ya kuanzia

Kalamu ninayoizungumzia ni Parker 51 ya rangi ya damu ya mzee, kifuniko chake cha chuma kisichong'aa sana, imetengenezwa kiwanda cha Newhaven, kusini mwa Uingereza. Niliinunua Unguja, katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, na tangu hapo ndiyo kalamu yangu ya kazi. Naandikia maandalio ya somo, barua, na kumbukumbu za vikao vya idara. Walimu wenzangu hapa Tanga wakiiona huuliza: mtu akitaka kuanza kukusanya kalamu za wino za zamani, aanzie wapi? Nawajibu aanze na 51 iliyotengenezwa baada ya 1948, anunue moja tu, na aiandikie kila siku.

Mwaka huo nautaja kwa sababu. Parker 51 iliingia madukani Marekani 1941, ikitoka kiwanda cha Janesville, jimbo la Wisconsin. Jina lake linatokana na umri wa kampuni: ilianzishwa 1888, na 1939, wakati kalamu hii inakamilishwa, ilikuwa kwenye mwaka wake wa 51. Mwanzilishi, George Safford Parker, alikuwa mwalimu wa telegrafu aliyewauzia wanafunzi wake kalamu za kampuni nyingine, kisha akawa anawatengenezea kila zilipovuja, mpaka akaamua kuunda ya kwake. Mimi ni mwalimu pia, na kisa hicho nakipenda kupita kiasi.

Toleo la kwanza la 51 lilitumia mtambo wa kujazia wino uitwao Vacumatic: kitufe nyuma ya kalamu kinachosukuma utando wa mpira. Mtambo ule unachukua wino mwingi na ni werevu kweli kweli, ila utando wake huchakaa, na ukichakaa kalamu haivuti tena hadi apatikane mtu mwenye zana maalumu na utando mpya. Mtu kama huyo sijawahi kumpata Tanga. Mwaka 1948 Parker wakaubadilisha. Badala ya kitufe wakaweka kifuko cha plastiki laini ndani ya ala ya chuma, chenye utepe wa kubonyeza ubavuni. Mtindo huo unaitwa Aerometric, na ndio unaoifanya 51 ifae kwa anayeanza. Vifuko vile vimedumu kwa namna ya kushangaza. Ziko kalamu za miaka ya 1950 ambazo hazijawahi kufunguliwa na fundi yeyote, unazisuuza kwa maji, unajaza wino, zinaandika.

Kujaza kwenyewe ni hivi. Unafungua kiwiliwili kwa kukizungusha, ala ya chuma inatokeza. Maelekezo yamechorwa juu yake, kwa hiyo hata ukirithi kalamu bila boksi huwezi kupotea. Unachovya ncha kwenye chupa ya wino, unabonyeza utepe, unauachia, unangoja kidogo, unarudia. Wengi wanashindwa kuelewa kwa nini mbonyezo mmoja hautoshi. Ndani ya kifuko umesimama mrija mwembamba unaofika karibu na juu. Ukibonyeza, hewa inatoka kupitia mrija huo. Ukiachia, wino unapanda kwenye mrija na kumwagikia pembeni yake, ambako hauwezi kurudi chini. Kila mbonyezo unaongeza kiasi chake, mpaka wino ufike kimo cha mrija. Kwa hiyo bonyeza bila haraka, mara kadhaa, mpaka vipovu vikome.

Sasa niseme jambo lililonifanya niipende. Nibu ya 51, yaani kile kipande cha metali kinachoandikia, imefichwa. Kalamu nyingi za zamani zinaonyesha nibu yote ya dhahabu, na inapendeza, lakini ikikaa wazi chini ya feni la dari kwa dakika chache wino unakauka na mstari wa kwanza unakataa kutoka. Nibu ya 51 ni kijimrija kidogo cha dhahabu ya karati 14 kilichofunikwa na shingo ya kalamu, na kinachoonekana nje ni ncha tu. Mwanafunzi akinisimamisha kwa swali katikati ya sentensi, nikamjibu kwa utulivu, nikirudi kwenye karatasi kalamu inaendelea kana kwamba sikuiacha. Kwa joto la pwani hiyo si starehe ndogo.

Chini ya shingo hiyo, nyuma ya nibu, kuna kipande chenye mapezi mengi membamba yaliyopangwa kwa karibu sana. Kazi yake ni kupokea wino uliozidi. Mkono wako una joto, hewa iliyo kwenye kifuko inapanuka, inasukuma wino kuelekea chini. Kwenye kalamu ya kawaida wino huo ungedondoka juu ya daftari. Hapa unanaswa kati ya mapezi, na unatumika polepole unapoandika. Nimesafiri na 51 kwa basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, imesimama mfukoni mwa mkoba ncha ikiangalia juu, na nilipofika kifuniko kilikuwa kikavu.

Kiwiliwili ni cha akriliki iitwayo Lucite, plastiki ya jamii ileile iliyotumika kwenye vioo vya ndege za kivita wakati ule. Parker waliichagua kwa sababu waliikusudia kalamu kwa wino wao uliokauka haraka, wino mkali wenye alkali nyingi, uliokuwa ukiharibu plastiki za kawaida na mpira. Wino ule haupo tena madukani, na ukikuta chupa yake kuukuu usiutumie, iache kabatini kama kumbukumbu. Akriliki ndiyo iliyobaki kutufaidi: haipauki kwa urahisi, haipindi, haitoi harufu. Yangu nikiifuta kwa kitambaa laini inarudi kuwa na ule mng'ao wa ndani ambao picha hazionyeshi.

Wapo watakaokuambia habari ya Reims, Ufaransa, tarehe 7 Mei 1945, Wajerumani waliposalimu amri, na Jenerali Eisenhower akapigwa picha ameshika kalamu mbili za Parker 51 kwa umbo la herufi V. Ni kweli, na picha ni nzuri. Lakini muuzaji akianza na Eisenhower kabla hajakuonyesha ncha, mwombe akuonyeshe ncha.

Ncha ndiyo kalamu. Mbele ya nibu ya dhahabu wamechomelea kidonge kidogo mno cha metali ngumu, ambacho ndicho kinachogusa karatasi. Dhahabu ni laini, ingelika mara moja, na kidonge hicho kikiisha au kikikatika upande mmoja basi umenunua pambo. Jicho tupu halitoshi. Mimi niliazima kioo cha fundi saa wangu wa Ngamiani, kile anachokibana kwenye jicho, nikasafiri nacho hadi Unguja. Tazama kama pande mbili za ncha ziko sawa, hakuna iliyopanda juu ya mwenziwe, na kama kidonge ni cha mviringo na si bapa upande mmoja. Kikiwa bapa kidogo, maana yake mwenye kalamu aliiandikia miaka mingi kwa pembe yake mwenyewe, na itakukwaruza mpaka uizoee au mpaka fundi wa nibu aisugue. Mimi singenunua.

Baada ya ncha, niliomba bilauri ya maji. Muuzaji alinitazama.

"Ya kunywa, bibie?"

"Ya kalamu."

Akacheka, akaleta. Nikachovya ncha, nikabonyeza utepe. Vipovu vikatoka kwa nguvu, nikaachia, nikabonyeza tena, sasa yakatoka maji ya buluu: wino wa mtu fulani uliokuwa umelala humo miaka sijui mingapi. Kipimo hicho hakigharimu kitu na kinakuambia karibu kila unachohitaji kujua. Vipovu visipotoka kabisa, ama kifuko kimetoboka ama njia imeziba. Kuziba kunatibika kwa kuloweka. Kutoboka kunahitaji fundi.

Kisha angalia kifuniko. Cha 51 hakizungushwi, kinasukumwa tu, na ndani kina vibanio vya chuma vinavyokamata pete iliyopo katikati ya kalamu. Funga kalamu, ishike kwa kifuniko, ncha iangalie chini, itikise taratibu. Kiwiliwili kikichomoka chenyewe, vibanio vimelegea. Pitisha kidole juu ya chuma kutafuta mabonde. Kifuniko kilichobonyea kinaweza kunyooshwa, ila ni kazi ya fundi mwenye zana yake. Kama kifuniko kimepakwa dhahabu, chunguza ukingo wa chini na kibanio cha mfukoni, ndiko dhahabu inakoanza kuisha na metali ya chini kujitokeza. Mwisho, tazama shingo kwenye mwanga kama ina ufa. Ufa ni sababu ya kurudisha kalamu mezani na kuaga.

Usikubali muuzaji akufungulie shingo kwa koleo ili "akuonyeshe nibu". Shingo imeshikizwa kwa shelaki, aina ya gundi ya asili, na inaachia kwa joto la wastani tu, likitumiwa na mtu anayejua. Fundi saa wangu, ambaye mikono yake naiamini kuliko ya mtu mwingine yeyote mjini, aliigeuza kalamu mara mbili tatu akanirudishia. "Mwalimu, hii haina ugonjwa. Kitu kizima hakifunguliwi." Nilisuuza tu: maji ya kawaida ya bomba, yasiyo ya moto, na tone la sabuni ya vyombo, nabonyeza na kumwaga, nabonyeza na kumwaga, usiku ikilala ncha chini kwenye kikombe chenye maji kidogo. Rangi iliendelea kutoka siku baada ya siku. Spiriti usiitumie kabisa, inaharibu plastiki na kuyeyusha shelaki.

Inaandikaje? Laini, imara, na bila kelele. Yangu ina ncha ya kati, mstari wake ni mnono kidogo kuliko wa bik, na wino unatoka kwa wingi. Haihitaji kukandamizwa. Kwa mtu aliyezoea kuchimba karatasi kwa bik, wiki za mwanzo mkono hauamini kwamba umeruhusiwa kupumzika. Nikiandika maandalio ya wiki nzima kwa mkao mmoja, kidole cha kati hakiumi tena, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niitetee kalamu hii mbele ya yeyote.

Haina kila kitu. Nibu yake ni ngumu, haipindi, kwa hiyo anayetafuta herufi zinazonenepa na kukonda kwa mapambo hatazipata hapa. Na kwa kuwa nibu imefichwa, ni rahisi kuishika ikiwa imegeuka kidogo, nayo ikigeuka inagoma. Mkono unajifunza, lakini mgeni ukimwazima atalalamika. Huwezi kuona wino uliobaki bila kuifungua. Na kile kifuniko cha kusukuma, ambacho ni raha kweli kutumia, huacha mikwaruzo myembamba kuzunguka kiwiliwili. Karibu kila 51 iliyofanya kazi inayo. Mimi sioni kuwa ni dosari, ila anayetaka kitu cha kuweka kabatini ataikuta bei ikipanda sana kwa zile zisizo na mikwaruzo.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni karatasi. Kaunta buku nyingi zinazouzwa mitaani zina karatasi inayofyonza: wino unaota mizizi pembeni mwa herufi na kuonekana upande wa pili. Hapa 51 yenye ncha ya kati inateseka. Suluhisho langu ni kupeleka kalamu dukani na kuomba kujaribu kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kununua. Wenye maduka ya vifaa vya shule wameshanizoea. Kaunta buku mbili zenye jalada linalofanana zinaweza kuwa na karatasi tofauti kabisa, kwa hiyo usikariri jalada. Karatasi za A4 za gramu 80 za mashine ya fotokopi kwa kawaida zinavumilia. Na ukiweza kuchagua, chagua ncha nyembamba. Ningekuwa nanunua leo kwa ajili ya daftari za hapa, ningetafuta nyembamba.

Wino natumia Quink, wa Parker wenyewe, uliopo tangu 1931 na ambao mzazi yeyote aliyesoma kwa kalamu ya wino atakutajia jina lake. Chupa ya mililita 57 inanikalia muda mrefu sana. Rangi yangu ni buluu-nyeusi. Wino wa mhuri usiutie kamwe, hata muuzaji akisema "ni uleule", wala wino wa kuchorea ramani. Ukikauka ndani ya yale mapezi, kalamu imekwisha. Na kumbuka kwamba wino wa kawaida wa kalamu hizi unayeyuka kwa maji. Kwa shajara na barua haina shida. Kwa vyeti, fomu za serikali au bahasha itakayonyeshewa, chukua bik.

Kuhusu kalamu nyingine utakazokutana nazo ukianza kutafuta. Zile zinazojazwa wino kwa kuinua wenzo ubavuni, kama Conway Stewart za Uingereza na Sheaffer za zamani, zina mpira ndani ambao umri huu karibu hakika umekauka na kuwa kama ganda. Kubadilisha mpira si kazi ngumu kwa fundi, lakini uhesabu gharama hiyo kabla ya kulipa. Baadhi ya Conway Stewart zenye rangi nzuri za mawimbi zimetengenezwa kwa kasini, plastiki inayotokana na maziwa, nayo haipatani na maji: ukiiloweka inavimba na kupasuka. Kwa unyevu wa pwani yetu mimi naziogopa. Sheaffer Snorkel ya 1952, ile inayochomoza mrija chini ya nibu ili kunywa wino bila kuchafua ncha, ni ufundi wa ajabu na ningependa kuwa nayo siku moja, lakini si ya kuanzia. Ina mipira mingi ndani, na mmoja ukigoma yote imesimama.

Utakutana pia na Hero 616 ya China, yenye umbo lililoiga 51. Siidharau. Ni rahisi, inaandika, na wengi wa rika langu walishika kalamu ya wino kwa mara ya kwanza kupitia Hero. Lakini isiuzwe kwako kwa bei ya Parker. Soma chapa kwenye kifuniko na kwenye kiwiliwili. 51 ya kweli itakuwa na jina la Parker na nchi ilikotengenezwa, Marekani au Uingereza na wakati mwingine kwingineko, na akriliki yake ina uzito na ubaridi ambao plastiki ya Hero haina. Mwaka 2021 Parker walirudisha jina la 51 kwa kalamu mpya ya kifuniko cha kuzungusha na katriji, yaani kijichupa cha wino kinachochomekwa kikiwa tayari kimejaa. Ni nadhifu, na ina dhamana, jambo ambalo kalamu ya zamani haina. Ila kile kifuniko cha kusukuma kwa mkono mmoja hakipo, na kifuko cha kubonyeza hakipo, na kwangu hivyo ndivyo vilivyokuwa 51.

Bei. Nililipa shilingi laki moja na nusu baada ya kupatana, kalamu ikiwa haijasafishwa. Mtandaoni, kwa wauzaji wa Uingereza na Marekani wanaokarabati na kuijaribu kabla ya kuiuza, mara nyingi nimeziona kati ya dola 80 na 150, bila nauli ya posta wala ushuru. Ukilinganisha, ya mtandaoni ni ghali zaidi lakini mtu ameshaihakikisha, na kwa aliye mbali na fundi hiyo ni pesa iliyokwenda mahali pake. Unayoishika mkononi, ukiwa na kioo na bilauri, unaweza kuipata kwa nafuu. Rangi ya kawaida, nyeusi au damu ya mzee, kifuniko cha chuma: hiyo ndiyo bei ya chini, na inaandika sawasawa na yenye kifuniko cha dhahabu.

Ya pili kwangu itakuwa Parker 45, ile ya 1960. Inapokea katriji za Parker zinazouzwa hadi leo, na nibu yake yote inafunguka kwa vidole na kubadilishwa, kwa hiyo naweza kutafuta ncha nyembamba peke yake kwa ajili ya kaunta buku na kuiacha 51 ibaki na barua. Yule muuzaji wa Mji Mkongwe ameahidi kuniwekea akiipata. Nimemwambia nitakuja na kioo.